Kabla Hujaomba Shahada ya Uzamili ya Biashara: Mwongozo kwa Aliye Kazini

Anza kwa kukusanya matangazo kumi ya kazi. Yatafute kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, magazetini, na kwenye kurasa za mabenki na kampuni za simu. Chagua yale tu ya kazi ambayo ungependa kuwa nayo miaka mitano ijayo. Kaa nayo mezani, chukua kalamu, upigie mstari kila sehemu inayotaja sifa za mwombaji.

Utakachokiona hapo, wengi hukigundua wakiwa wameshalipa ada ya muhula wa kwanza. Tangazo la mhasibu mwandamizi litataja CPA, sifa ya kitaaluma ya wahasibu, kabla halijafika kwenye uzamili. La ofisa ununuzi serikalini litadai usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. La meneja wa tawi la benki litataka miaka ya uzoefu, na shahada ya uzamili itawekwa mwishoni kama sifa ya ziada. Tangazo la mhadhiri msaidizi ndilo litakalosema bila kuficha kwamba bila uzamili, tena wenye GPA ya juu, usijisumbue.

Nimeanza na matangazo kwa sababu tumezoea kwenda kinyumenyume. Tunaamua kwanza kwamba tunataka "masters", kisha tunatafuta chuo, kisha kozi, na kazi tunaifikiria siku ya mahafali. Mtu anaweza kutumia akiba ya miaka mingi kwa utaratibu huo na akarudi kwenye dawati lilelile, mshahara uleule.

MBA ni ya nani?

Shahada hii ya uzamili ya usimamizi wa biashara ilianza Harvard mwaka 1908, na lengo lake halijabadilika sana tangu hapo: kumwandaa mtu atakayesimamia shughuli nzima. Ndiyo maana inagusa kila idara. Utasoma uhasibu kidogo, fedha kidogo, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, sheria za biashara na mkakati. Hutatoka bingwa wa lolote kati ya hayo. Utatoka ukiweza kuongea na mabingwa wote hao, ukajua anayekudanganya na anayekuambia kweli.

Kwa hiyo MBA inamfaa sana mhandisi aliyepewa mradi wenye wafanyakazi mia, daktari aliyefanywa mganga mfawidhi, mwalimu anayeendesha shule binafsi, bwana shamba anayesimamia ushirika wa kahawa. Watu hawa wanaijua kazi yao, ila hakuna aliyewafundisha kusoma mizania wala kuona mapema kwamba fedha za mwezi ujao hazitatosha mishahara. Kwao kila somo linajibu swali ambalo tayari linawanyima usingizi.

Aliyemaliza B.Com mwaka jana yuko mahali pengine. Akiingia MBA moja kwa moja atarudia sehemu kubwa ya aliyoyasoma, na atakosa kile chenye thamani zaidi darasani. Mhadhiri akiuliza ufanyeje na mteja mkubwa anayechelewesha malipo kila mwezi lakini huwezi kumpoteza, mwenye miaka sita ya mauzo ana la kusema. Aliyetoka mtihanini juzi ana madesa tu. AMBA, chombo cha Uingereza kinachotoa ithibati kwa programu za MBA duniani, hudai wanafunzi wawe wamefanya kazi angalau miaka mitatu. Hapa Tanzania vyuo vingi havikazii sharti hilo. Jiwekee mwenyewe. Kabla ya miaka mitatu ya kazi, iache MBA.

Kijana huyo wa B.Com akitaka kuendelea mapema, achukue shahada inayochimba eneo moja: uhasibu na fedha, ununuzi na ugavi, masoko, biashara ya kimataifa, benki. Hizi zina hesabu nyingi zaidi na ndizo zinazomtenga na wenzake kwenye usaili. Atakayefikiria M.Com, yaani uzamili unaofuata B.Com, ya nje ya nchi ajue kwamba jina hilo halibebi kitu kimoja kila mahali. India ni kozi ya miaka miwili. Afrika Kusini hutangulia mwaka wa "honours", na mwenye shahada yetu ya miaka mitatu anaweza kutakiwa aupitie kwanza. Ulizia hilo kabla hujakata tiketi.

Na kama kazi unayoitaka ni uhasibu au ukaguzi, mapendekezo yangu ni mafupi: CPA kwanza, uzamili baadaye. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanya mitihani yake Mei na Novemba, na unaweza kuifanya ukiwa kazini kwa gharama iliyo chini sana ya ada ya uzamili. Hakuna shahada ya uzamili, iwe ya chuo gani, inayokupa haki ya kusaini ripoti ya ukaguzi. Haki hiyo hutoka bodi. Wapo wanaouona mtihani wa bodi kuwa mgumu wakakimbilia uzamili kama njia ya mkato. Miaka miwili baadaye huukuta mtihani uleule unawasubiri.

Iko pia stashahada ya uzamili, ya mwaka mmoja, ambayo watu huidharau bila sababu. Ili kukupokea kwenye shahada ya uzamili, vyuo vingi vya Tanzania hutaka GPA ya angalau 2.7 katika shahada ya kwanza, yaani daraja la pili la chini. Ukiwa na daraja la kawaida la kufaulu, au ukitoka fani ya mbali kabisa, stashahada hii ni mlango halali wa kuingilia.

Kuchagua chuo

Vyuo vyetu vya biashara vina asili tofauti, na asili hiyo bado inaonekana kwenye ufundishaji. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa 1965, nchi changa ikihitaji watu wa kuendesha biashara iliyokuwa mikononi mwa wachache. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa 1972 kwa ajili ya mabenki, bima na kodi, na mpaka leo ukitaka watu wa fedha hasa utawakuta Mtaa wa Shaaban Robert. Mzumbe ilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikawa taasisi ya uongozi wa maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Anayefanya kazi halmashauri au wizarani atajikuta nyumbani pale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kitivo cha biashara na menejimenti mwaka 1979, ambacho leo ni Shule Kuu ya Biashara, na ndicho chenye mkazo mkubwa wa utafiti. Arusha ipo ESAMI juu ya kilima cha Njiro, taasisi ya nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Darasani unaweza kukaa na Mzambia upande mmoja na Mganda upande wa pili. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kinamfaa aliye Kigoma au Mtwara asiyeweza kuhama, mradi ana nidhamu ya kusoma bila kusukumwa.

Ukivuka mpaka, Strathmore ya Nairobi na MUBS ya Nakawa, Kampala, zina majina mazuri. Ila piga hesabu ya nauli, malazi na shilingi yetu inavyobadilishwa.

Hakikisha ithibati. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Taasisi kama IFM na CBE ziko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na uzamili wao unahesabiwa ngazi ya 9. Ukisoma nje ya nchi au kwa mtandao, utahitaji TCU iitambue shahada yako kabla mwajiri wa serikali hajaipokea. Peleka swali hilo TCU ungali hujalipa chochote, kwa sababu vipo vyuo vyenye tovuti za kupendeza na vyeti visivyofaa kitu.

Baada ya ithibati, nenda chuoni jioni, saa wanafunzi wa kazini wanapoingia darasani, uwaulize waliopo mwaka wa pili. Brosha haitakuambia kama wahadhiri wanafika, au kama matokeo yanatoka kwa wakati. Waulize darasa lao lilianza na watu wangapi, na wangapi wameshawasilisha tasnifu. Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito kuliko majengo na jina la chuo.

Saa na shilingi

Kwa mfumo wa TCU, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili unapata kama saa 17 kila wiki, bila kupumzika Idi wala Krismasi. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18 zinakuwa 23. Chukua karatasi, uandike saa hizo zitatoka wapi: unatoka ofisini saa ngapi, foleni ya Mbagala au Kimara inakula kiasi gani, watoto wanalala saa ngapi. Kisha kaa na mwenzi wako, mke au mume, mkubaliane. Masomo ya jioni huendeshwa na familia nzima, na asiyeshirikishwa mwanzoni atachoka mapema.

Jambo jingine ambalo huwashtua wengi: alama C, iliyokupitisha kwenye shahada ya kwanza, katika uzamili wa vyuo vyetu vingi huhesabiwa kuwa umeshindwa somo. Sapu za uzamili ni za kweli na zina gharama.

Kuhusu fedha, ada iliyotangazwa ni mwanzo tu. Ongeza ada ya maombi, usajili, usafiri, vitabu, kompyuta inayoaminika, kukusanya data, kuchapa na kujalidi tasnifu, na ada ya kuongezewa muda endapo utachelewa. Kisha fanya hesabu ambayo wewe kama mtu wa biashara ungemfanyia mteja. Tuseme yote kwa pamoja ni shilingi milioni 9, na cheo unachokitarajia kitakuongezea laki 3 kwa mwezi baada ya makato. Fedha yako itarudi kwa miezi 30. Ukiipata kwa mkopo wa mshahara wenye riba, muda huo unarefuka. Kama huwezi kukitaja hicho cheo wala hiyo laki 3, hesabu yako bado haijakamilika.

Mikopo ya Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo usiipangie. Mwajiri ni chanzo bora zaidi, lakini makubaliano yawe kwa maandishi: analipa nini, unarudi kumtumikia kwa muda gani, na itakuwaje ukihama. Mtumishi wa umma aombe ruhusa kabla ya kuanza na ahakikishe kozi yake imo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Aliyesoma kimyakimya, akaja kuibua cheti baadaye, hupata taabu kubwa kukiingiza kwenye muundo wake wa utumishi.

Ufadhili wa nje upo. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja kwa mwenye uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili, na humtaka arudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo; kwa MBA ina kikomo cha ada inayolipa, hivyo soma masharti vizuri. Zipo pia za Jumuiya ya Madola na DAAD ya Ujerumani. Baadhi ya vyuo vya Ulaya na Marekani hudai mtihani wa GMAT, na huo unataka miezi ya mazoezi.

Ukiamua kuomba, kuna kero moja ndogo ambayo huwaangusha watu wazima: majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la babu, shahada ina jina la ukoo, kitambulisho cha NIDA kina jina la ndoa. Shughulikia hati ya kubadili jina mapema, wakati dirisha la udahili bado liko mbali. Wadhamini wako wa kitaaluma nao wape taarifa mapema, kwa heshima, uwakumbushe ulikuwa mwanafunzi wao mwaka gani na ulifanya nini.

Tasnifu

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi wenye akili nzuri wanapokwama. Masomo ya darasani yana ratiba, yana wenzako, yana mtihani unaokulazimisha. Yakiisha, kila mtu anarudi kwake, na tasnifu inabaki kwenye kompyuta mwezi baada ya mwezi.

Dawa yake ni kuichagua mada kabla hujaingia chuoni. Angalia data uliyo nayo karibu. Je, unafanya kazi SACCOS? Kumbukumbu za marejesho ya mikopo zipo kwenye kabati lako. Je, uko bohari ya dawa? Takwimu za dawa zilizoisha muda ziko pale. Swali dogo lenye data kamili linashinda swali kubwa lisilo na data. Usiandike tena kuhusu "athari za huduma kwa wateja" kwa kugawa madodoso 100 kwenye foleni ya benki. Rafu za maktaba zimejaa tasnifu za namna hiyo, na watu wa kwenye foleni hujaza haraka ili uondoke.

Kama kazini kwako hakuna data, ipo ya hadharani. Benki zote nchini hutakiwa kuchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka. Benki Kuu hutoa mapitio ya uchumi kila mwezi. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, hutoa ripoti za mwaka ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Unaweza kukaa na taarifa za benki tano kwa miaka kumi ukapima uhusiano wa mikopo chechefu na faida bila kumbembeleza mtu kujaza dodoso.

Tafuta pia tukio lililogawa wakati. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, na Septemba mwaka huohuo ikaipunguza. Mwenye vitabu vya wakala mmoja wa miamala, vya kabla na baada ya tarehe hizo, ana tasnifu nzuri mkononi. Anaweza kuona kama watu walipunguza idadi ya miamala au kiasi cha kila muamala, na kama walirudi tozo iliposhuka. Huo ni utafiti ambao mwenye duka la Kariakoo angependa kuusikia, na ambao mtahini hatauona umerudiwa.

Msimamizi ni nusu ya safari. Ukipewa nafasi ya kupendekeza jina, mpendekeze anayesoma kazi na kuirudisha, hata kama si profesa mwenye jina kubwa. Mfuate kwa adabu na kwa utaratibu: sura moja, barua pepe moja, tarehe moja mliyokubaliana. Ukienda mikono mitupu kusema "nipo nipo Profesa, naendelea", mtapotezana. Mpelekee kurasa tano mbovu. Kurasa mbovu husahihishwa, zisizokuwepo haziwezi.

Barua za vibali ziombe wakati pendekezo la utafiti likiwa bado linapitiwa. Chuo hutoa barua yake, mkoa hutoa yake, halmashauri nayo hutoa yake, na kila ofisi ina msajili wake na foleni yake. Ukifanyia utafiti wako Kenya, utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI. Jifunze mwenyewe kuendesha programu ya takwimu, iwe SPSS au nyingine, hata kwa kiwango cha chini. Mtahini atakuuliza namba ile imetoka wapi, na anayekufanyia uchambuzi hatakuwepo chumbani.

Hapo nifike kwenye lile tunalolinong'ona. Wapo watu, mjini na kwenye simu, wanaoandika tasnifu za wengine kwa malipo. Wanajitangaza bila aibu, wana bei kwa kila sura. Ninakuomba kwa moyo wote usiwaguse. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kugundua wizi wa maandishi, na vina mamlaka ya kuifuta shahada hata baada ya mahafali. Lakini hata usipokamatwa, siku mkurugenzi atakapokupa takwimu za kampuni akuulize tatizo liko wapi, utakuwa umelipa mamilioni kwa ujuzi ambao alibaki nao mtu mwingine. Na wafanyakazi watakaopunguzwa kwa ushauri wako mbovu hawatakuwa na pa kukudai.

Dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka. Ukiona kwamba mwaka huu huwezi kupata saa 17 kwa wiki, wala mada yenye data, wala fedha ya muhula wa pili, usiombe. Jisajili mtihani mmoja wa bodi, weka akiba, uombe mwakani.